Sura ya Saba: Sisimizi Chini ya Kibodi

Bisibisi aliinusa kompyuta kabla ya kuigusa. Aliinama juu ya meza, akasogeza pua hadi kwenye vitufe, akavuta pumzi mara mbili, kisha akainua kichwa na kumtazama Inspekta.

"Haya si maji."

"Umejuaje?"

"Maji hayachachi."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Jumanne. Saa nane mchana mkunga mmoja, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta ngumu, angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua mumewe. Mkuu wa kituo alikwisha kuandaa karatasi zote. Ilibaki sahihi ya mpelelezi wa kesi, na mpelelezi wa kesi alikuwa amesimama kwenye kibanda cha fundi, katikati ya televisheni zilizotobolewa matumbo na redio zisizo na wenyewe, akimsikiliza mwanamume mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja utosini. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, na huenda hata mkewe alikwisha kusahau jina jingine.

Kwa macho ya Mkuu kesi ilikuwa imejipika yenyewe. Mume alikufa Ijumaa, ameinamia meza ya sebuleni. Daktari aliyempasua alikuta tumboni dawa ya kuulia wadudu, ile ya kupulizia mashambani. Chakula cha mwisho kinachojulikana alikipika mke, wakala wote wawili saa saba mchana. Wiki tatu kabla ya hapo mume alikuwa amemvunja mkono. Kwa hiyo sababu ipo, chakula kipo, mpishi yupo. Kwamba mke alitoka nyumbani saa nane akaenda darasani, kwenye masomo yake ya ukunga, akasaini daftari la mahudhurio na kurudi jioni, hakukumpunguzia kitu. Daktari alikuwa amesema dawa ile huweza kuua kwa nusu saa au kwa saa tatu, inategemea tumbo.

Kilichomzuia Inspekta kutia sahihi kilikuwa chaja. Aliiona siku ya pili ya upekuzi, imechomekwa ukutani karibu na ile meza, waya umelala sakafuni, na mwisho wa waya hakuna kitu. Alimuuliza dada wa marehemu, mama wa makamo mwenye kilemba, aliyeishi chumba cha nyuma cha nyumba ileile na ambaye ukoo mzima ulimwita Dada Mkubwa. Mama yule hakupepesa jicho. Kompyuta ni ya mke wa marehemu, alisema, na iko kwa fundi. Ilimwagikiwa maji.

Nani, Inspekta alijiuliza, hupeleka kompyuta kwa fundi asubuhi ya msiba wa ndugu yake?

"Nani aliileta?" alimuuliza sasa Bisibisi, ingawa alijua.

Bisibisi aliipindua ile kompyuta. Mgongoni palibandikwa kipande cha plasta ya karatasi, kimejaa mwandiko mnene wa wino mweusi. Inspekta alisoma kwa sauti.

"'Jumamosi. Mama wa kilemba. Maji. Imezima jana saa kumi. Haiwaki. Kazi zilizomo zisiguswe. Atakuja Jumanne saa sita.' Haya ni maneno yake?"

"Neno kwa neno. Mimi siandiki ninachofikiri, naandika ninachoambiwa. Wateja wangu wote wanadanganya, Inspekta. Bia ikifika hapa imekuwa maji. Supu imekuwa maji. Kuna babu mmoja, mkojo wa mjukuu wake ulikuwa mvua, tena kiangazi! Nikishaandika hawawezi kunigeuka."

"Na tangu Jumamosi hujaifungua?"

"Foleni. Kila mgonjwa kwa zamu yake. Niliilaza kifudifudi tu ichuruzike, na zamu yake ni leo."

"Basi ifungue. Taratibu. Kila unachokiona, sema."

Bisibisi alishusha miwani ya utosini juu ya ile ya machoni, akachukua karatasi, akachora juu yake umbo la kompyuta. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, na kila skrubu aliiweka juu ya mchoro, mahali ilipotoka. Inspekta alihesabu kumi. Fundi alipenyeza kipande cha plastiki kwenye ukingo, akakizungusha, na kifuniko cha chini kikaachia kwa mlio mdogo.

"Betri kwanza," alisema, akichomoa waya wake. "Ukiiacha, umeme unaendelea kutafuna kimyakimya. Ona hapa panapoingia chaja, pameota ukungu wa kijani. Na huu utando wa kahawia ni maziwa na sukari. Hii ni chai, Inspekta. Chai ya mtu anayependa chai."

"Chai ya nini?"

Alinusa tena. "Ya tangawizi. Nyuzinyuzi zake hizi hapa."

Inspekta aliandika. Katika maelezo yote aliyoyakusanya kwa siku nne, ya mke, ya dada, ya majirani, hakuna mtu hata mmoja aliyetaja chai. Vikombe vyote vya nyumba ile alivikuta vimeoshwa na kufunikwa. Sufuria zote ziling'aa.

Bisibisi alitoa feni, akatoa bodi, akafikia mgongo wa kibodi. Alipoinyanyua, mkono wake ulisimama.

"Mama yangu!"

Chini ya vitufe, pale ule utando ulipokuwa mnene kuliko pengine, walilala sisimizi. Walikuwa wengi, labda mia, labda zaidi, wamelala ubavu, miguu imekunjwa. Wengine walikufa katika mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama waliokuwa bado wanaingia.

"Sisimizi hupenda sukari," alisema Inspekta.

"Hupenda, ndiyo. Wa humu kibandani nawajua kama wanangu. Nikifungua mashine iliyomwagikiwa soda nawakuta wazima wa afya, wamejenga, wamezaa, wanasomesha watoto. Miaka kumi na saba nafungua mashine." Aligusa mmoja kwa ncha ya kibano, akageuka kama punje ya mchanga. "Sijawahi kukuta msiba."

"Umeme haukuwaua?"

"Umeme gani? Mashine ilifika imezima, na betri haina kitu." Kisha akaweka kibano mezani na kufuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. "Nimeinusa hii. Mara ngapi nimeinusa?"

"Mara tatu. Nenda kanawe mikono na uso. Kwa sabuni."

Aliporudi, maji yakimchuruzika kidevuni, Inspekta alikuwa amevaa glavu na kupanga vichupa vitatu mezani.

"Sasa nisikilize," alisema Bisibisi, na sauti yake ilikuwa imepoteza utani. "Ukitaka iwake, lazima niisafishe. Natia spiriti bodi nzima, nasugua kwa mswaki hadi kona za ndani. Nikifanya hivyo chai yote inaondoka. Ikishaondoka, imeondoka."

"Na nikikuzuia usisafishe?"

"Haiwaki leo wala kesho. Ule ukungu wa kijani hausubiri mahakama."

Inspekta alihitaji vyote viwili. Vikombe vilikwisha kuoshwa, sufuria zimesuguliwa, meza imefutwa. Chai ya Ijumaa ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, chini ya vitufe hivi. Lakini chai peke yake haisemi ilimwagika saa ngapi. Iliyoijua saa ni kompyuta.

Alianza na chai. Alikwangua utando kwa kijiti cha plastiki, akajaza vichupa viwili ili kimoja kibaki cha kurudia kama mkemia atataka. Kwenye kichupa cha tatu alitia sisimizi. Bisibisi alipiga picha kila hatua, akaandika jina na saa kwenye kila kichupa, akatia sahihi kama shahidi. Konstebo aliyekuwa akisubiri nje juu ya pikipiki alipewa vichupa viwili, kimoja cha chai na kile cha sisimizi, ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri. Kichupa kingine cha chai alikibakiza Inspekta.

"Mkononi mwa mkemia," alimwambia konstebo. "Mwambie nataka kipimo cha haraka. Anajua anatafuta nini."

Pikipiki haijapotea kwenye kona, simu ikaita. Alikuwa Mkuu.

"Uko wapi?"

"Kwa fundi wa kompyuta."

"Umeharibikiwa na simu?"

"Kuna chai, Mkuu. Marehemu alikunywa chai alasiri. Naamini dawa ilikuwa humo, si kwenye chakula."

"Na mke hawezi kupika chai? Alipika, akaiacha kwenye chupa, akaenda zake darasani akijua mume ataikuta. Umemwokoa kwenye sufuria ya ubwabwa, umemrudisha kwenye chupa ya chai. Saa nane, Inspekta. Uwe na sahihi au uwe na mtu mwingine."

Simu ikakatika. Mkuu alikuwa mgumu, lakini hapo hakukosea, na Inspekta alilijua hilo.

Bisibisi alikuwa ameshaanza kazi. Spiriti ilijaza kibanda kwa harufu kali. Alisugua bodi kwa mswaki laini, akaigeuza, akasugua tena, akaikausha kwa hewa ya vuguvugu akiipitisha huku na huku kama mama anayekausha nywele za mtoto. Kisha akashika mita na kugusa hapa, akagusa pale. Mita ikalia mlio mrefu.

"Shoti. Ndiyo maana iligoma." Aliinama hadi miwani ikakaribia kugusa bodi. "Kidude hiki kimeungua. Kidogo kuliko punje ya ufuta, kimezuia nyumba nzima isiwake."

"Unacho kingine?"

"Ninazo maiti." Alivuta sanduku chini ya meza, limejaa bodi za kompyuta zilizokufa zamani, akachagua moja, akang'oa kipande chake kwa chuma cha moto na kukipandikiza. Mita iliguswa tena. Safari hii ilinyamaza.

Inspekta hakumtazama. Alikuwa ameketi kwenye stuli, anakitazama kile kipande cha plasta, mwandiko mnene mweusi. Alikisoma mara ya pili, akakisoma mara ya tatu.

"Bisibisi. Hapa umeandika 'Imezima jana saa kumi'. Hiyo saa ulikisia?"

"Sikisii. Namuuliza kila mteja: ilizima lini, saa ngapi? Nataka kujua imeliwa kwa muda gani. Na nikwambie kitu, hapo hawadanganyi. Kilichomwagika wataficha, kwa aibu. Saa wanasema kweli, maana wanataka mgonjwa wao apone."

Inspekta alifungua daftari lake nyuma, Jumamosi, maelezo ya dada wa marehemu. *Nilikwenda sokoni saa tisa. Nilirudi saa kumi na mbili kasoro, nikamkuta ameinama mezani, mwili umeshapoa.*

Alipiga mstari chini ya maneno hayo.

Saa tano na dakika arobaini simu iliita tena. Mkemia hakuwa mtu wa salamu. "Ni ileile ya tumboni. Iko kwenye chai, iko kwenye sisimizi. Maandishi kamili kesho."

Dakika kumi baadaye Bisibisi alibonyeza kitufe. Kompyuta ilikaa kimya kiasi cha kumtoa mtu jasho, kisha feni ikazunguka, taa ikawaka, na skrini ikapambazuka. Fundi hakushangilia. Alisogeza kiti pembeni ili Inspekta asome mwenyewe, akamwonyesha mahali mashine huandika habari zake.

Kompyuta ilikuwa imezimika ghafla, bila kuzimwa na mtu, Ijumaa saa kumi na dakika saba.

"Na pipa la taka limejaa," alisema Bisibisi. "Kabrasha zima. Limefutwa siku hiyohiyo, saa tisa na dakika arobaini."

Inspekta alilifungua. Kila ukurasa ulikuwa habari ya mama mmoja na uzazi wake: saa uchungu ulipoanza, mtoto alivyolala, damu iliyopotea, uzito. Kurasa mia mbili na kumi na nne. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa kwamba ni kazi ya mwisho ya kuhitimu, kuwasilishwa mwisho wa mwezi.

"Rudisha zote," alisema Inspekta. "Kisha nakili kwenye flashi. Mbili."

Mlangoni paliingia kivuli. Mama wa kilemba alikuwa amesimama, mkoba mkubwa begani, uso mkavu.

"Shikamoo, mama," alisema Bisibisi, na akajikuta amesimama.

"Marahaba, baba." Alimwona Inspekta. Hakurudi nyuma. "Kumbe na wewe mwanangu upo. Imewaka?"

"Imewaka," alisema Inspekta.

"Na kazi zake?"

"Zilikuwa zimefutwa. Fundi amezirudisha. Hakuna iliyopotea."

Dada Mkubwa alishusha pumzi ndefu, akaketi kwenye stuli bila kukaribishwa, mkoba mapajani.

"Ulisema ulirudi kutoka sokoni saa kumi na mbili kasoro," alisema Inspekta.

"Nilisema."

"Fundi ulimwambia imezima saa kumi. Na kweli, imezima saa kumi na dakika saba. Nani alikwambia, kama hukuwepo?"

Mama yule aliitazama ile plasta, kisha akamtazama fundi. "Wewe unaandika kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Samahani."

"Usiombe samahani kwa kazi nzuri." Alirekebisha kilemba. "Uliza unachotaka kuuliza, mwanangu, mchana unakwenda."

"Nani alipika chai?"

"Mimi. Maziwa mengi, tangawizi, sukari vijiko vinne. Ndivyo alivyoipenda tangu utoto."

"Na dawa?"

"Kopo lilikaa nyuma ya pipa la unga tangu siku mkono wa yule binti ulipovunjika. Sikujua kama nitalitumia. Ijumaa alikaa na mashine ya mkewe, anafuta. Ananiita nione! Anacheka. Anasema, leo nitaona atahitimu na nini. Nikamwambia ngoja nikupikie chai."

Bisibisi aliacha kugusa vitufe.

"Aliinywa nusu," alisema Dada Mkubwa. "Nusu ikamponyoka."

"Kikombe uliosha. Sufuria uliosha. Hii ungeitupa. Kuna shimo la taka nyuma ya nyumba yenu, nimelipima mwenyewe. Tusingeiona."

"Niitupe?" Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Miaka miwili ya mtoto wa watu imo humo! Ningeitupa, si ningekuwa nimemalizia kazi ya mdogo wangu?"

"Badala yake ukamwacha alale mahabusu. Siku mbili, sakafuni, na mkono ule."

Mama yule aliushika mkoba kwa mikono miwili. "Hilo nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Lakini ningekuja kwako Jumapili, hii mashine ungeifungia kwenye mfuko wa nailoni kama kielelezo, ikaoza na chai yake. Nani angemwambia fundi aitengeneze? Nilisema iwake kwanza. Nimpelekee. Halafu nije."

"Unataka niamini ulikuwa unakuja?"

Dada Mkubwa alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na shuka moja iliyokunjwa vizuri, kipande cha sabuni, mswaki, na kandambili.

Inspekta alivitazama kimoja kimoja. Kisha alichukua simu, akampigia Mkuu. "Usimpandishe mkunga. Nina mtu mwingine. Ndiyo, hapa mbele yangu." Alikata kabla hajaulizwa, akapokea flashi mbili kutoka kwa Bisibisi, moja akaitia kwenye bahasha ya vielelezo. Nyingine aliiweka juu ya meza, peke yake.

"Hii anapewa mwenyewe leo, akitoka. Mashine inabaki kwetu."

"Sawa," alisema Dada Mkubwa. "Hiyo inatosha."

Inspekta alitoa karatasi za maelezo. Ilikuwa saa sita na nusu. Aliandika kwa mkono, akisoma kila sentensi kwa sauti, naye mama akitikisa kichwa au kusahihisha. *Si vijiko vitatu, vinne.* Walipofika mwisho wa ukurasa, kalamu ilisimama.

"Hapa chini pana nafasi," alisema Inspekta. "Ni haki yako. Wengi huomba radhi hapa, kwa marehemu, kwa ndugu. Hakimu huisoma. Mara nyingine humsaidia mtu."

Dada Mkubwa alikuwa anafunga mkoba wake. Alifunga vizuri, fundo juu ya fundo.

"Mama yetu alipofariki mdogo wangu alikuwa hajatembea. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kusimama, nikamfundisha kusema shikamoo. Kupiga sikumfundisha mimi. Mara ya kwanza nilimsema. Mara ya pili nilimpigia magoti, mimi, dada yake. Mara ya tatu mfupa ulivunjika, nikausikia nikiwa upande wa pili wa ukuta. Andika hayo."

Inspekta aliandika.

"Na mwisho niandike nini?"

"Andika siombi radhi."

"Mama, fikiri. Kaka zako watayasikia haya mahakamani."

"Wakae mbele basi, wasikie vizuri. Siombi." Alinyoosha mkono. "Lete kalamu. Sahihi naweka wapi?"